Barua ya wazi kwa wakubwa wa Magereza, NIDA, VETA na Manispaa ya Temeke: dogo anatoka jela na ufundi mkononi ila hana karatasi hata moja

Shikamooni wakubwa,

Barua hii inaenda kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Kamishna Jenerali wa Magereza, wakubwa wa NIDA wanaotoa vitambulisho vya taifa, wakubwa wa VETA wa mafunzo ya ufundi na Mkurugenzi wetu wa Manispaa ya Temeke. Najua ni wengi mno kwa barua moja, ila ndio ishu yenyewe hiyo, kila mmoja wenu kashika kipande chake, na kijana akitoka jela anatakiwa azunguke mji mzima kuviokota hivyo vipande yeye mwenyewe, kwa miguu, bila nauli.

Mi ni fundi seremala, niko Keko. Mnaoijua Keko mnajua, makochi na vitanda vimepangwa nje mpaka barabarani, mashine zinalia toka asubuhi, vumbi la mbao mpaka kwenye chai. Na hapo hapo jirani kuna gereza. Najua lile la kwetu ni la mahabusu zaidi, ila hata hivyo huwa nawaza, gereza na mafundi tumekaa jirani miaka yote hii, na ndani ya magereza ya nchi hii watu wanafundishwa useremala huu huu tunaoufanya sisi, Ukonga wanatoa samani ambazo mi mwenyewe nikiziona nanyamaza, Moshi pale Karanga wanashona viatu, halafu sijawahi kuona hata siku moja mtu ametoka geti la gereza lolote akaja karakanani kwangu na karatasi inayosema huyu ni fundi, mpokee.

Nimeshapokea vijana watatu waliotoka jela. Wote wamekuja kwa njia moja, mama analia. Hakuna ofisi iliyowaleta. Nitawaeleza zaidi wa kwanza kwa sababu yeye ndio amenifundisha haya yote, majina staki kuyataja, nitamwita Dogo tu.

Dogo aliingia 2018, ana miaka 19. Alivunja nyumba ya watu akaiba TV na mtungi wa gesi. Alifanya, hakusingiziwa, hata yeye hakatai. Akapigwa mvua sita, yaani miaka sita, ukitoa theluthi ya tabia njema akala nne, akatoka katikati ya 2022. Sasa hesabu hiyo muiangalie vizuri wakubwa. Siku ile ile mtu anapokelewa gerezani anapigiwa hesabu ya siku yake ya kutoka, inaandikwa, hata yeye mwenyewe anaijua kwa kichwa kuliko siku yake ya kuzaliwa. Mama mjamzito mwenyewe hajui tarehe kwa uhakika kama gereza linavyojua tarehe ya mfungwa. Nyie mlikuwa na miaka minne kamili mnajua siku gani huyu kijana atasimama nje ya geti, kwaiyo neno la kusema tumeshtukizwa hapa halipo.

Na siku ikafika, akasimama nje ya geti. Gereza lilikuwa la mkoani, silitaji. Kavaa suruali aliyoingia nayo imembana, mkononi mfuko wa rambo na karatasi ya kuachiwa. Nauli alipata, akapanda basi mpaka Dar, akaja moja kwa moja kwenye chumba alichokuwa anaishi na mama yake, akagonga, akafungua dada mmoja hamjui. Mama alishahama toka 2020, kodi ilimshinda akasogea Chamazi. Simu ya mama Dogo alikuwa nayo kichwani ila namba ilishabadilika. Akalala kwenye kibaraza cha msikiti siku mbili mpaka mtu mmoja wa zamani wa mtaani akamtambua akajua pa kumpeleka. Siku mbili tu, utasema ni kitu kidogo. Ila mnajua waliomwona wa kwanza kabla ya huyo mtu ni kina nani? Washkaji zake wa maskani, wale wale. Walimpa chipsi, wakampa sigara, wakamwambia njoo tulale geto. Yaani serikali nzima pamoja na mi na nyie wote tulishindwa kumkaribisha huyu mtoto, ila wezi walimkaribisha, na kwa upendo kabisa. Kwanini hakwenda nao hata yeye hawezi kuniambia, anasema alikuwa na usingizi tu.

Simu moja ilikuwa inatosha. Wiki mbili kabla ya siku yake mtu wa ustawi apige simu, au amwambie mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kuna kijana wenu anatoka tarehe fulani, ndugu zake wako wapi sa hivi. Mtaa unajua kila kitu, wenyeviti wanajua nani kahamia wapi na nani anadaiwa na nani.

Sasa tuje kwenye karatasi.

Dogo anaingia jela 2018 alikuwa hana NIDA. Laini yake ya simu alisajili kwa kitambulisho kingine kama tulivyokuwa tunafanya wote enzi zile. Mnakumbuka kilichotokea, 2019 ukaanza usajili wa alama za vidole, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa. Sisi wa nje tulipanga foleni, tulilalamika, tulisongamana mpaka tukapata namba. Yeye alikuwa ndani. Nchi ilihama yote ikahamia kwenye namba ya NIDA na yeye hakuambiwa, na katoka kakuta bila hiyo namba huna laini, bila laini huna hela ya simu, na Dar ya sasa fundi asiye na hela ya simu atalipwaje? Mteja yuko Goba anatuma advansi saa tatu usiku, anamtumia nani? Leseni ya bodaboda wanataka namba ya mlipakodi, na namba ya mlipakodi wanataka NIDA. Akaunti ya benki NIDA. Mkopo NIDA. Hata kazi ya ulinzi getini, acha tu, kule wanataka na alama za vidole polisi, hiyo nayo ni habari nyingine.

Basi nenda ukaombe NIDA. Wanataka cheti cha kuzaliwa, hana, nyumba ilihama na makaratasi yakapotelea huko. Wanataka barua ya serikali ya mtaa kwamba ni mkazi. Mkazi wa wapi? Keko ndio alikozaliwa ila mjumbe wa zamani alishafariki na mpya hamjui, Chamazi ndio anaishi ila ana wiki tatu. Ukisema ulikuwa wapi miaka minne iliyopita lazima utoe ile karatasi ya kuachiwa, ndio karatasi pekee uliyonayo, na ukiitoa tu sura ya mtu mbele yako inabadilika. Nilikuwa nimesimama nae, niliona kwa macho yangu. Yule mtu hakusema neno baya, alisogeza tu simu yake iliyokuwa juu ya meza akaiweka kwenye droo. Dogo akaona na mi nikaona, tukajifanya hatujaona.

Ilichukua miezi saba mpaka kupata namba. Miezi saba hela yake ilikuwa inaingia kwenye laini yangu, nikimpa mkononi, na mi namshukuru Mungu ni mwaminifu kwa sababu wapo mabosi hapa wanajua kabisa huyu hana pa kushtaki wanamkata wanavyotaka.

Ombi la kwanza basi ni hili na wala sio la mabilioni. Mtu wa NIDA aingie na mashine yake gerezani, kila baada ya miezi mitatu tuseme, awasajili wale wanaokaribia kutoka. Mfungwa ndio mtu rahisi kuliko wote kumsajili bana, hatoroki foleni, alama zake za vidole mnazo, jina mnalo, picha mnayo, mahakama nzima imemthibitisha kwamba ni yeye! Sisi huku nje mlitufuata mpaka mashuleni na kwenye viwanja vya mpira na mashine zenu. Pale ndani wamekaa pamoja, wanahesabiwa kila siku. RITA nao waje siku hiyo hiyo na vyeti vya kuzaliwa. Atoke na namba mfukoni. Anwani aandike ya huko anakokwenda sio ya gereza, tafadhali sana, kuna watu wakiona jina la gereza kwenye karatasi hawasomi tena mstari unaofuata.

La pili ni lenu VETA. Siku ya kwanza Dogo alivyoingia karakanani nilimpa ubao wa mninga na randa ya mkono nimwone. Aisee. Nina miaka zaidi ya ishirini kwenye hii kazi na sijaona kijana wa umri ule anashika randa vile, anasikiliza ubao kwanza unalala upande gani ndio anaanza, na viungo vyake ni vya kuchomeka bila msumari hata mmoja, unatikisa kiti hakitoi sauti. Nikamuuliza nani kakufundisha, akasema mzee mmoja wa kifungo cha maisha. Huyo mzee huko aliko Mungu ambariki, ni mwalimu kuliko wengi wenye kofia.

Halafu nikamwambia basi nipigie kabati la MDF, zile bodi za kiwandani, akabaki ananiangalia. Hajawahi kuiona. Jela wamemfundisha mbao ngumu, mninga na mkongo, kwa mkono, wakati huku nje wateja watano kati ya sita wanataka kabati za jikoni za bodi, kitanda tano kwa sita cha paini kilichopigwa rangi nyeupe, makochi ya sponji, na mashine ndio inayokula kazi. Kwaiyo mtu ni fundi bora kuliko mi ila kwa wiki mbili za kwanza alikuwa saidia fundi, anabeba mbao. Sio kosa la wanaofundisha ndani, wanafundisha wanachokijua na vifaa walivyonavyo. Ila mkileta mashine mbili tatu za kisasa na bodi za kujifunzia, kijana ataiva kote kote.

Na cheti je? Hana. VETA mnao ule utaratibu wa kurasimisha ujuzi, mnamfuata fundi aliyejifunzia mtaani, mnampima, mnampa cheti bila kumrudisha darasani. Mi mwenyewe nilipata hivo hivo na kinaning'inia ukutani karakanani, wateja wa maofisini wanakiangalia kabla hawajaangalia kochi. Sasa kuna sehemu gani nchi hii ina mafundi wengi waliojifunza bila darasa, wamekaa sehemu moja, kuliko gerezani? Waseremala, waashi, washonaji, wachomeleaji, wakulima wa bustani. Ingieni mkawapime huko huko miezi michache kabla ya kutoka. Na cheti kiandikwe VETA, basi. Kisiandikwe kilitolewa wapi. Mtu akiuliza ulijifunzia wapi aamue mwenyewe kusema.

Wenzetu Zanzibar hawasemi gereza, wanasema Chuo cha Mafunzo, na walio ndani wanaitwa wanafunzi. Huku bara tunacheka, utasikia mtu anatania jamaa kamaliza chuo. Ila mi sicheki tena, kwa sababu chuo ukimaliza unapewa cheti, na kama neno tumelikubali kule basi na mambo yake yafuate, huku na kule.

Kuna kitu kingine kinaniuma na sijui ni cha ofisi gani. Dogo kanihesabia meza na madawati aliyopiga ndani ya miaka minne, ni mengi, zimetoka zimeuzwa, zimekaliwa na watu. Yeye katoka na nauli. Sisemi alipwe kama mi ninavyowalipa vijana wangu, alikuwa anatumikia adhabu na alikuwa anakula na kulala huko. Nasema hata kidogo sana kwenye kila kazi kiwekwe akiba kwa jina lake, siku ya kutoka asikabidhiwe keshi maana keshi ya siku ya kwanza tunajua inaishia wapi, akabidhiwe boksi la vifaa. Randa, msumeno wa mkono, patasi tatu, nyundo, skwea, tepu. Kwa bei za Kariakoo ukijua kuchagua ni laki na nusu hivi mpaka laki mbili. Fundi mwenye vifaa vyake hapa Keko anapata kibarua siku hiyo hiyo, asiye na vifaa anasubiri mwenye vifaa aende kula ndio aazime.

Septemba 2022 mnaikumbuka, panya road, yale magenge ya vijana ya kupora, walivyorudi Dar, watu wakakatwa mapanga, na mi nilikuwa nalala na panga chini ya godoro sikatai, tuliogopa wote. Ukaja msako. Na msako ukija mtaani unaanzia kwa nani? Unaanzia kwa wanaojulikana. Dogo ana miezi michache tu toka atoke, walimtoa kitandani usiku. Hakuwa na kitambulisho cha kuonyesha. Nilikwenda asubuhi, nikaambiwa subiri, nikasubiri mpaka jioni, siku ya pili nikarudi na daftari langu la karakana, lile la kawaida la kurasa themanini ambalo naandika nani kafanya nini na kalipwa ngapi, nikamfungulia afande mmoja mtu mzima ukurasa kwa ukurasa, hapa Jumatatu alikuwa anapiga msasa mpaka saa mbili usiku, hapa Jumanne walikesha na mwenzake kumaliza kitanda cha mteja, saini yake hii hapa. Yule afande alilisoma lote, alivaa na miwani. Akamwachia. Daftari la mia tano ndio lilimtoa mtoto wa watu. Toka siku hiyo kila kijana wangu anasaini kila siku hata kama kafagia tu, na nimewaambia wenzangu wa karakana jirani wafanye hivyo.

Ila fikirieni ambaye hana fundi wa kumwandika kwenye daftari.

Nisiwadanganye wakubwa, sio wote walionyooka. Wa pili yuko vizuri, yeye aliingia kwa bangi, katoka, kakaa kwangu mwaka, sa hivi ana kijiwe chake Mbagala anatengeneza fremu za picha na anaringa kweli kweli. Wa tatu aliniibia. Drili mpya, na hela ya mteja. Yule alikuwa mtumiaji wa unga kabla ya kufungwa, ndani akaacha kwa vile hakuna namna, akatoka mzima kabisa kanenepa, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani kama kaacha miaka miwili basi kaacha. Wiki ya tatu nikaanza kuona anasinzia na patasi mkononi. Dawa ya methadoni, ya kumsaidia mtu wa unga aache, ipo nchi hii toka 2011 ilipoanzia Muhimbili, na hapa hapa Temeke hospitali wanatoa, ningejua mapema ningempeleka siku ya kwanza kabla hata sijamwonyesha mashine. Hakuna aliyeniambia. Mama yake alificha kwa aibu na gereza halikuwa na wa kumwambia. Nimemkasirikia mpaka leo, drili ile nilikuwa naililia miezi, ila nikikaa nikatulia naona kwamba huyu alikuwa mgonjwa aliyetolewa wodini bila barua ya kwenda kliniki. Faili lake la afya lingetangulia kliniki ya Temeke, au hata apewe tu mkononi karatasi na tarehe ya kwanza ya kuripoti, pengine drili yangu ingekuwepo. Pengine isingekuwepo pia.

Sasa najua kuna watu watasoma waseme wewe mzee vipi, kuna vijana wana digrii hawajaiba hata sindano wamekaa nyumbani, unawatetea wezi. Mi nina mtoto wa digrii nyumbani kwahiyo hiyo naijua toka kwenye meza yangu ya chakula. Ila huyo wa digrii NIDA anayo na cheti anacho, hiyo foleni ya kazi walau kaingia. Sijaomba Dogo awekwe mbele yake.

Na kuna mwingine wa kumfikiria, yule aliyeibiwa. Mama mwenye TV anakaa mitaa miwili kutoka karakanani. Dogo alikuwa anazunguka mbali ili asipite mlangoni kwake. Mi nikamwambia huwezi kuishi Keko kwa kuzunguka, twende. Tukaenda Jumapili, na mwenyekiti wa mtaa na shemeji yangu mmoja mtu wa dini. Mama akatusikiliza, hakutukaribisha ndani, akamwambia Dogo sikiliza mwanangu, TV nilishanunua nyingine, lakini mlango ulionivunjia mpaka leo nafunga na waya, miaka minne nalala na hofu, wewe ulikuwa unalala na askari wanakulinda mi nilikuwa nalindwa na waya. Dah. Hakuna aliyekuwa na jibu. Dogo akapima ule mlango kwa tepu pale pale mikono inatetemeka, akaenda akamtengenezea mpya, mninga, mbao nilitoa mi kazi akatoa yeye, usiku baada ya kazi, wiki nzima, na kitasa cha maana. Ni mlango mzuri kuliko yote mtaa ule, ukipita utauona. Mama aliupokea. Salamu yake hapokei mpaka leo, anamwangalia tu anapita, na mi naona ana haki.

Hii nayo ingekuwa kazi ya mtu fulani, sio ya shemeji yangu. Sheria zipo, kuna ya huduma kwa jamii ya 2002, kuna maafisa wa uangalizi, ila nilivyoelewa hao wanahangaika na walioadhibiwa bila kwenda jela, anakaa uraiani anafagia hospitali. Sheria ya parole, ile ya kutoka mapema kwa masharti, ipo toka 1994 na yenyewe ina masharti yake na wanaopata ni wachache. Aliyemaliza kifungo chake chote akatoka na haki yake, huyo hana afisa. Yaani aliyefagia hospitali ana mtu wa kumuuliza unaendeleaje na aliyekaa miaka minne hana.

Na ile misamaha ya Rais. Uhuru wa 2017 walisamehewa 8,157, waliotoka moja kwa moja ni 1,828, wengine wakapunguziwa. Wengi wetu tunamkumbuka mwanamuziki Babu Seya na mwanae, kamera zote zilikuwa kwao. Muungano wa 2021 wakasamehewa 5,001, wakatoka 1,516. Ni jambo jema na familia zinafurahi, ila watu elfu na mia tano wakitoka ndani ya siku chache, ndio hapo hata hoja yangu ya tarehe inakufa maana wenyewe walikuwa hawajui. Kwao basi hiyo ya NIDA ifanyike mapema zaidi, wasajiliwe mwaka wa kwanza tu wakishaingia, msisubiri wakaribie.

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Temeke, kwako nina neno moja. Ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, ilisimama 2023 ikarudi mwaka uliofuata, tumeshukuru. Kikundi kinaanzia watu watano. Vijana wawili wa kwangu walitaka waunde kikundi na wengine watatu wa mtaani, wale watatu wazazi wao wakawakataza, wasije wakadaiwa na watu wa jela. Siwalaumu hao wazazi. Ila ungeweza kukubali karakana kama yangu isimame na vijana wake kama kikundi, mi nibebe dhamana, mkopo uje kwa vifaa, mashine ibaki hapa hapa mnaiona mkipita. Nipo tayari kusaini, na wenzangu watatu hapa Keko wamesema wapo tayari.

Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Chande ilikabidhi ripoti yake Julai 2023, ilipita kote, polisi mpaka magereza, kwahiyo wakubwa hamna haja ya kuunda tume nyingine kwa ajili ya barua ya fundi. Mashine ya NIDA ndani ya geti, mtu wa VETA na karatasi zake, simu moja kwa mwenyekiti wa mtaa. Nikipewa mwezi na pikipiki nazunguka Dar nzima mi mwenyewe.

Nimeandika leo kwa sababu Jumamosi alikuja mama mwingine. Wa nne huyu. Mwanae anatoka mwezi ujao, ana miaka 22, ameshika useremala huko ndani. Akaniuliza fundi, nafasi ipo? Nikamwambia ipo, namba ya benchi yake naijua. Akaniuliza, na hayo mambo ya kitambulisho inakuwaje, maana hana. Nikamwambia mama, hilo nitawaandikia wakubwa. Amesema atapita tena Jumamosi hii kusikia mmejibu nini.

Fundi seremala,
Keko, Dar es Salaam